Neno "shwari" kati yangu na mume wangu

Jumapili, Lusangi. Mvua imekatika alfajiri. Naandika kwa simu, nimekaa kando ya kitanda cha mume wangu.

Kwa miezi miwili aliniandikia neno moja tu kutoka huku machimboni: "Shwari." Nami nikiwa nyumbani Kasongo nilijibu: "Hata huku shwari."

Tulikuwa tunadanganyana.

Alhamisi, mfanyabiashara mmoja aliyetoka huku alinisalimu sokoni, akauliza kama mguu wa Baba Zaina umepona. Mguu gani? Nilimwacha Zaina, binti yetu, kwa dada yangu, nikapanda pikipiki. Dereva na mimi tuliisukuma mara tatu kwenye matope. Nililia njia nzima, zaidi kwa hasira.

Nilimkuta amelala, mguu umefungwa kwa vipande vya mianzi. Udongo wa shimo la dhahabu ulimwangukia.

"Mama Zaina! Nani alikuambia?"

"Si wewe."

Alitazama ukutani. "Niliogopa utakuja na hii njia mubaya. Na nyumbani iko namna gani?"

Hapo hasira ikaniishia. Nikamwambia ukweli: ukuta wa nyuma ulianguka kwa mvua, mimi na mtoto tunalala kwa dada yangu wiki ya tatu sasa.

Alicheka mpaka akaushika mguu kwa maumivu. Nami nikacheka.

Yeye ni mtoto wa mji wa Nyangwe, amekulia kwenye mitumbwi ya mto Lualaba. Nilimuuliza neno hili, shwari, tulilipata wapi. Akasema ni la watu wa bahari, wazee wa Nyangwe walilipokea kwa waliotoka pwani. Upepo ukilala na mawimbi yakatulia, bahari ni shwari, chombo kinapita bila taabu. Ndiyo maana hata sisi tusioijua bahari tunalisema mambo yakienda vizuri.

"Baba yangu alikuwa anatazama maji kwanza," alisema, "ndipo anasema shwari. Hakulisema ili mama atulie."

Sisi tulilifanya blanketi la kufunikia.

Leo ametembea hatua sita kwa fimbo. Njia ikikauka tutarudi Kasongo. Yeye atakaa kwenye kiti aelekeze, mimi nitakanyaga udongo wa matofali. Sijawahi kujenga ukuta. Nitaweza?

Nimemwambia kwamba naogopa.

Amesema hata yeye.