Meza Niliyojifanya Siitaki

Kwako binti yangu Zaina,

Assalam aleikum, mama. Nakuita mama kwa sababu jina ulilobeba ni la mama yangu, na kwa sababu tangu ulipojua kusema umekuwa ukinikemea kama yeye. Natumai u mzima huko bwenini. Mimi ni mzima wa mwili. Ukinipigia simu unauliza, "Papa, ulikula?" nami najibu nimekula, kisha unasema unite za simu zinakwisha. Kwenye simu maneno yangu yanakwama, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Wenzangu wa msikitini wananicheka. Wanasema, Zaina si yuko hapo tu, ng'ambo ya ghuba? Ni kweli. Nikisimama mlangoni naona mabati ya bweni lenu. Na sababu zako za kuhama zilikuwa nzuri zote: umeme wetu unakatika kila siku, mteremko wetu haupitiki mvua ikinyesha, na mwanafunzi wa udaktari anatakiwa hospitalini alfajiri. Sikupinga hata moja. Nilisema, "Sawa, mama, tutatafuta vyombo."

Bweni lilikupa kitanda cha chuma na kuta nne. Godoro, pazia, meza na kiti ilibidi tujitafutie, na kama usingehamia kabla ya mwezi kwisha chumba angepewa mwingine. Ukaja na orodha uliyoiandika kwa Kifaransa, nami nikafurahi, maana kununua na kuuza ndiyo kazi niliyozaliwa nayo. Babu yangu alikuja toka pwani na marobota ya nguo, mimi nauza vitenge soko la Nyawera, na mtu wa Nyawera hajapata kulipa bei ya kwanza. Nilikufundisha mwenyewe ukiwa mdogo: taja nusu, cheka, geuza mgongo, tembea polepole. Muuzaji atakuita.

Jumamosi ya kwanza nilibonyeza magodoro mpaka mwenye duka akaniuliza kama nataka kulala hapo hapo. Moja nikasema jembamba, jingine nikasema linanuka. Mapazia yote nikasema yanaonyesha ndani. Tulirudi na ndoo moja tu. Njiani ukacheka, "Papa, nitalala mu ndoo?" Tukasimama kando ya barabara kula dagaa wetu wa ziwani, sambaza za kukaanga, ukaniachia zile ndogondogo ukijua ndizo nizipendazo. Ilikuwa siku nzuri, Zaina.

Jumamosi ya pili tukaiona meza, kwa yule fundi seremala nyuma ya soko. Mbao nyekundu, droo moja, kijirafu cha vitabu juu yake, miguu imetulia. Uliketi, ukaweka viwiko juu, ukafumba macho. Nikakuona umeshakwenda. Basi nikamwambia fundi kwamba droo yake inakwama. Haikuwa inakwama.

Jumamosi ya tatu tulirudi kwake. Nikataja bei ya kumtukana mtu, akakataa, nikageuza mgongo kama kawaida yangu. Hatujafika penye pikipiki za abiria, fundi akapaza sauti: "Muzee, rudia! Kamata tu, miye nimechoka!" Soko zima lilisikia. Mimi nikaendelea kutembea.

Wewe ulisimama.

"Papa, anakuita. Alishakubali."

Nikasema sikumsikia.

Ukanitazama, watu wakitupita na mizigo yao. "Papa, uko unakatala bei, ao uko unakatala miye niende?"

Nikakujibu kwamba mvua inakuja, tufanye haraka. Mbingu zilikuwa nyeupe, hakuna hata wingu.

Hukuuliza tena. Jumatatu ulipotoka darasani ukapita kwa fundi peke yako, akakwambia, "Ile meza balishaikamata." Mtu mwingine alikwisha kuinunua. Jumanne ukanunua godoro bila mimi, kwa bei nisiyoijua hadi leo. Mchukuzi alilibeba kichwani, wewe nyuma yake na begi lako na ile ndoo. Mlipita mbele ya duka langu, upande wa pili wa barabara. Nilikuona. Nikajifanya nakunja kitenge.

Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, ndivyo wazee walivyosema, na mimi hata Idi sijui kama nitafaidi. Sasa ni wiki ya sita. Tangu mama yako afariki tulikuwa wawili humu ndani, na nilidhani wawili ndio uchache wenyewe. Nikisonga ugali siwezi kupima unga wa mtu mmoja, kila siku unabaki. Nabishana na redio. Umeme ukikatika nasema, "Zaina, mshumaa," kabla sijakumbuka. Nina upweke, mwanangu. Nalisema neno hili wazi leo, kwa kuwa siku zile nilizunguka kulisema kwa kusingizia droo na mapazia.

Na jibu la swali lako ni hili: bei ilikuwa nzuri. Nilikataa uende.

Wiki mbili zilizopita ulisema kwenye simu kwamba mgongo unakuuma kwa kusoma kitandani. Ulisema kidogo tu, ukahamia habari nyingine. Nilifunga duka mchana kweupe, nikaenda kwa fundi, nikamwagiza meza nyingine kama ile. Akataja bei, nikalipa. Akabaki ameshika pesa mkononi. "Muzee, hauombe nikupunguzie? Uko mugonjwa?" Nikamwambia ndiyo.

Sasa sikiliza aibu yangu nyingine. Meza hiyo ilifika nyumbani siku nane zilizopita, na ilitakiwa ije kwako siku hiyo hiyo. Mara nne nimemwambia mchukuzi arudi kesho. Mara ya kwanza nilisema rangi haijakauka. Mara ya pili nilisema droo inakwama. Jana akaniangalia, akasema, "Muzee, kama unaipenda hivi, baki nayo tu." Hapo nikajiona nimeanza tena. Mtoto yuko ng'ambo anaumwa mgongo, na mimi nimeketi na meza yake sebuleni ili nisikae peke yangu.

Kesho kukishapambazuka mchukuzi atakuja kuichukua, na nimemlipa kabisa ili nisipate la kusema. Sikuombi uje Jumapili. Ukija utakula, na usipokuja nitajua unasoma. Upweke huu ni wangu, nilikosea kukutwika wewe. Nilikuwa nataka uwe daktari bila kutoka nyumbani, na kitu hicho hakiuzwi mahali popote.

Barua hii nimeiandikia juu ya meza yako. Nikimaliza nitaiweka ndani ya droo, niifunge. Na kesho mchukuzi akija nitashika upande mmoja, tuipitishe mlangoni pamoja.

Baba yako,
aliyekubali.