Tundu la Mwisho

Jumatatu, 3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila roho juu juu. Ile karakana ya michezo ya kompyuta inataka kuajiri mtu mmoja tu, na Ijumaa waamuzi wao wanaingia kwenye mchezo wangu wa matofali. Humo kuna mzingile: vichochoro chungu nzima, njia ya kutokea moja. Sikuujenga kwa mkono. Nimeiandikia kompyuta maelekezo, nayo inabahatisha upande, inabomoa ukuta, inasonga. Ikikwama inarudi nyuma na kujaribu kwingine, mpaka mzingile ukamilike.

Karakana mbili zimeshanikataa. Nikikosa na hii, nafunga mizigo narudi nyumbani. Nimekutumia ufunguo, namba ya siri ya kuingilia, kwenye simu; ingia utembee, hata kupanga matofali unaweza.

Binti yako

Alhamisi, 6 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linanung'unika likiona ngazi, mengine salama. Nimeingia, nimepotea, nimeitukana simu. Lakini mama yako ni fundi mwashi, nisikufiche: kuta zako ni aibu! Matofali hayapishani hata kidogo. Ukuta wa hivyo mtu akipiga chafya unalala.

Tena kwenye ukuta wa nje umesahau tundu, upana wa mlango, fremu hakuna. Mimi sijawahi kutoka saiti nikaacha tundu. Nimekuzibia, safi, matofali yanapishana inavyotakiwa. Kesho nenda kifua mbele.

Mama

Ijumaa, 7 Machi

Mama, shikamoo.

Lile tundu ndiyo njia ya kutokea! Waamuzi wamo ndani tangu asubuhi na hakuna aliyetoka. Sasa wananiita.

Binti yako

Jumapili, 23 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Unakula? Kimya chako kinanimaliza. Kazini juzi nilipanga mstari mzima umepinda, kibarua wangu akanicheka waziwazi. Kama umekosa, niambie. Kama umenikasirikia, nigombeze, nimestahili. Chumba chako nimeshakifagia, lakini naomba usikihitaji.

Mama

Ijumaa, 28 Machi

Mama yangu,

Shikamoo mara mia. Nimepata!

Siku ile niliwaambia ukweli: mama yangu ni mwashi, ameniziba njia. Walicheka mpaka mmoja akavua miwani. Kisha mkubwa wao akauliza, "Sasa utafanyaje?" Nikabonyeza kitufe, kompyuta ikajenga mzingile mwingine kabisa mbele ya macho yao. Wakaingia, wakapotea, wakatoka. Kumbe wenzangu wote walioomba kazi walijenga kwa mkono, kila mmoja mzingile wake mmoja. Wakaniambia nisubiri jibu, na sikutaka kukuandikia mikono mitupu. Jibu limekuja leo. Naanza Jumatatu.

Sijakukasirikia. Nilikuwa naogopa tu.

Binti yako

Jumamosi, 29 Machi

Mwanangu,

Marahaba, marahaba! Nilisoma nikiwa juu ya jukwaa. Nikashuka, nikakaa kwenye mfuko wa saruji, nikalia kwa sauti. Mafundi wakaacha kazi, wakaja kunipa pole ya msiba. Nikawaambia, "Msiba gani? Binti yangu kapata kazi!" Usiku ndipo nikalala usingizi, mwanangu, usingizi wa kweli.

Ule ufunguo ufute. Mimi najijua.

Mama