Tanga la Ndugu wa Nesi Hana

Selemani, mjukuu na mume wangu,

Shikamoo yako imenifika, marahaba. Huku Nandagala tu wazima. Mikorosho imetoa maua, na babu yako bado anagombana na nyani.

Umeuliza kama sisi wa huku tuliwahi kusikia habari za Wayahudi waliouawa Ulaya. Tulisikia, tena si kwenye redio.

Enzi za mashamba ya karanga ya Wazungu pale Nachingwea, jirani yetu alikuwa nesi Myahudi, Hana, aliyekimbia kutoka kwao Ulaya wakati wa vita. Siku moja mama mkwe wangu alimsalimia kama tunavyosalimiana: "Wazazi hawajambo? Na ndugu je?" Akajibu kwamba wote waliuawa, na makaburi yao hayajulikani.

Mama mkwe akauliza, "Tanga lao lilikaliwa wapi?"

"Halikukaliwa."

Kesho yake wanawake tulijaa uani kwake na mikeka na unga. Nesi akatoka mbio na mkoba wa dawa. "Mgonjwa yuko wapi?"

"Hakuna mgonjwa, mwanangu. Tumekuja msibani."

"Lakini hamkuwajua."

"Wewe tunakujua."

Akaweka mkoba, akaketi nasi mkekani. Alisema kwao pia mfiwa hukaa chini, na majirani ndio huleta chakula. Kisha akataja majina ya watu wake, mmoja mmoja, nasi tukayarudia kwa ndimi zetu za Kimwera mpaka yakakaa sawa mdomoni.

Basi wakikuuliza chuoni kama habari zile zilifika kwetu, waambie bibi yako alikaa tanga.

Mkeo mzee,
Bibi Somoe