Kikombe Ndani ya Unga wa Ulezi

Bibi,

Shikamoo. Nimeanza na salamu kwa sababu ndivyo ulivyonifundisha, ila leo imenitoka kwa shida.

Jumamosi Mama alinituma nichote unga wa ulezi kwenye debe lako. Mkono wangu ukagusa kitu kigumu. Kilikuwa kile kikombe kidogo cha kumnyweshea Elia maziwa, tulichopewa hospitali, kile ulichosema panya wamekibeba. Tulicheka sana siku ile. "Panya wa Old Moshi nao wanalea," ulisema. Ndani yake mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, ulikuwa umekaukia pembeni.

Nilikaa chini palepale jikoni.

Unakumbuka Elia alivyokuja nyumbani? Mdogo wangu alizaliwa miezi saba, mkono wake mwembamba kama kidole changu. Nesi alinieleza taratibu, maana mimi ndiye niliyepewa daftari la kuandika anavyokula. Alisema mtoto hunenepa ile miezi ya mwisho tumboni. Elia hakuipata, kwa hiyo hana akiba. Maziwa anayokunywa yanatumika kwanza kumpa joto, na kinachobaki ndicho kinachomkuza. Akiugua, mwili unakichukua hata hicho kupigana na ugonjwa. Kwa hiyo apewe maziwa ya mama tu, kila baada ya saa mbili, na abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi. Wewe ulikuwa umekaa kando yangu kwenye benchi. Ukaitikia, "Tumesikia, mwanangu."

Mtori ulikuwa wa Mama, Bibi, ili maziwa yatoke. Mama alikuwa akikamua, anakuachia kikombe, anaenda kujinyoosha kidogo. Nikirudi shule unaniita: "Neema, andika, mdogo wako amemaliza yote." Naandika. Mwandiko mzuri, saa kamili.

Kumbe ulikuwa unamlisha mtori. Yale maziwa ulikuwa unayamwaga wapi? Kwenye migomba?

Elia alipokataa kunyonya, tumbo likajaa na mwili ukapoa, tulimrudisha hospitali, na daktari akasoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa. Akasema, "Lishe iko sawa," akaendelea kutafuta sababu nyingine. Ulikuwa umesimama pale. Neno moja tu lingetosha, Bibi. Wakamwekea dripu ya sukari, siku kadhaa hakupewa kitu mdomoni, na uzito alioutafuta kwa wiki nzima ukapotea. Mama akaanza kusema maziwa yake ni mabaya. Ulimshika bega akilia. Ukanyamaza.

Halafu presha ikakuchukua, Elia hajaruhusiwa hata kutoka hospitali.

Kwenye mazishi walisema hakuna aliyempenda mtoto yule kama wewe. Najua ni kweli, na hicho ndicho kinachoniuma. Ulizoea kusema, "Baba yenu amekuzwa na mtori, oneni mabega yale." Baba alizaliwa miezi tisa, Bibi. Labda ugonjwa ulikuwa na sababu nyingine pia, sijui. Lakini kama hukuwaamini manesi ungebishana nao. Hata mchungaji ulimbishia. Badala yake ulitumia mkono wangu.

Tangu Elia arudi, Mama amekuwa akimnyonyesha kwa woga, anamtoa kabla hajashiba. Juzi kwenye mizani hakuongezeka kitu. Nilitaka kukificha kile kikombe, nikulinde. Nilishindwa. Nilimpelekea Mama. Alikigeuzageuza, akaukwangua ule mtori kwa ukucha, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo siyo maziwa yangu?"

Nikamwambia, "Siyo, Mama."

Akamtoa Elia kwenye kanga, akamweka titini, na safari hii hakumtoa. Nilimsikia akimeza nikiwa mlangoni.

Kurasa za zamani za daftari sikuzichana. Nimeandika juu yake kwa kalamu nyekundu, "Si kweli," na kesho nitamwonyesha nesi. Nitaona haya sana. Nitakwenda tu.

Pumzika, Bibi. Bado nina hasira na wewe, na bado napita kaburini kwako nikitoka kukata majani ya ng'ombe. Mtori wa Mama sasa napika mimi, ndizi nazisaga mpaka zinalainika kama ulivyonionyesha. Elia naye ataujua mtori wako, nakuahidi, wakati wake wa kula ukifika. Nitamlisha mwenyewe, mchana, mlango ukiwa wazi.

Mjukuu wako,
Neema