Leso ya Pili

Kwako dada, uliyetangulia mbele ya haki,

Najua usingependa barua hii isomwe na watu wengine. Ungeikunja mara nne ukaitia kifuani, na mgeni akiuliza ungemwambia ni risiti ya maji. Naiandika wazi kwa sababu Zuhura wako ameniomba, na kwa sababu jambo lililotokea Jumanne hospitalini lakuhusu wewe kuliko wengi waliokuwapo.

Kwanza habari za nyumbani. Mtaa wetu wa Ngara ni uleule. Pale chini palipokuwa na duka la nyuzi sasa wanauza simu, na mwenye jengo amepaka ngazi rangi ya kijani ambayo haitaki kukauka. Chumba chako Zuhura hajakibadilisha. Sanduku lako liko chini ya kitanda, na leso zako zingali zinanukia udi.

Wajua vizuri kuliko mimi kwamba leso huuzwa mbilimbili. Wenzako huvaa moja kiunoni na nyingine kichwani. Wewe jozi moja, ile ya zambarau yenye pindo jeupe, uliitengea kazi nyingine, na hukutoka nyumbani bila kuitia kikapuni. Zuhura alipoanguka, leso ya kwanza ulimwekea chini ya kichwa asijigonge. Ya pili ulimfunika, kutoka nywele mpaka nyayo. Nimewahi kuwaona watu wakikupita sokoni, karibu kiasi cha kukukanyaga, wasijue kwamba chini ya nguo ile mtoto anatikisika. Walidhani umekaa kupumzika na mzigo wako.

"Mama Zuhura, leo unauza nini hapo chini?" mwenye viazi alikuuliza.

"Nauza kivuli," ulimjibu. "Pesa yako haitoshi."

Kwenye harusi ulikuwa na jeshi zima. Uliinua kidole tu, na wanawake walisimama, wakakunjua leso zao, pakawa na ukuta wa nguo katikati ya ua. Sisi wanaume upande wa pili tuliona rangi tu. Ukuta ulipofunguka, Zuhura alikuwa ameketi, amefutwa uso, na mtu anamtengeneza nywele. Ulimrudisha nyumbani kabla ngoma hazijaanza, maana ulijua kwamba akikosa usingizi huanguka.

Mama Njoki wa ghorofa ya juu, aliyekupenda na kukuudhi kwa kipimo kimoja, alikusimamisha siku moja ngazini, ndoo mkononi.

"Mama Zuhura, si ni nyinyi Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua?"

"Twasema," ulimjibu. "Na mwenye kuyaanika, nani atamposa?"

Alicheka mpaka akaiweka ndoo chini. "Haya. Na utamfunika mpaka lini? Mpaka awe shosho mwenye wajukuu?"

"Mpaka nife."

Ndivyo ilivyokuwa.

Sikukulaumu wakati ule, wala leo sikulaumu. Najua ulikoanzia. Siku tulipokimbia kijiji chetu, bara ya Lamu, wakati wa mashifta, wale wavamizi wenye bunduki, mimi nilikuwa bado nang'oa meno ya utotoni, nawe ulikuwa msichana mwenye nguvu za kunibeba. Ulinitupia leso ya mama usoni, ukanitia mgongoni. "Usifunue," uliniambia. "Pana vumbi." Nilisikia makuti yakipasuka kwa moto. Nilisikia mbuzi, na sauti ya baba akiwaita watu kwa majina. Nilichoona ni nguo, na mwanga ukipenya kati ya nyuzi zake. Uliponifunua tulikuwa mbali, na nyuma yetu palikuwa na mikoko tu.

Wenzangu walioona wamekua na ndoto mbaya. Mimi nimelala vizuri maisha yangu yote, na kwa hilo nakushukuru. Lakini nimefika uzeeni, nimepita Lamu, nimepita Mombasa, nimemaliza miaka yangu ya kusahihisha maandishi ya watu katika kiwanda cha chapa huko River Road, na mtu akiniuliza nyumba yetu ilikuwaje siku ya mwisho, sina la kumwambia. Wakati mmoja walikuja watu wakikusanya habari za vijiji vile vilivyohamwa. Walitaka mashahidi. Wewe ulikuwa umelazwa. Mimi nilikwenda, nikakaa kitini mbele yao, nikagundua kwamba nilikuwapo lakini si shahidi.

Ulipofariki, Zuhura alibaki bila wa kumfunika. Muda haukupita sana akaanguka darasani kwake Kileleshwa, shule ile ya watoto wadogo anakofundisha, asubuhi wakiwa wamekaa mkekani. Watoto hawakuogopa. Mmoja alimletea mto wake wa kulalia. Walioogopa ni wazazi. Mwenye shule alimwita ofisini, na nitakuandikia maneno yake kama Zuhura alivyonipa, maana si mwanamke mbaya.

"Mwalimu, niletee karatasi ya hospitali iseme una ulemavu. Hapo sheria itanibana mimi, na mimi nitawabana wazazi. Nitakupa asubuhi peke yake, na mwalimu wa pili awe na wewe darasani. Bila hiyo karatasi, mimi nina mwalimu mgonjwa tu. Na mgonjwa anaambiwa aende apone kwanza."

Alimweka nyumbani, akampa mpaka shule zifunguliwe. Kupona ndiko asikoweza kumwahidi mtu. Dawa anameza kila siku bila kukosa, zimempunguzia, hazijamwondolea.

Tulikwenda hospitali ya umma, upande ule wa magharibi ukishapita Kangemi. Daktari alikuwa kijana, amechoka, ana adabu. Alimpima macho, masikio, akamwambia asimame kwa mguu mmoja, akamshika mikono. Hapo akaliona kovu la siku ile alipoangukia jiko.

"Huu mkono naweza kuuandika," alisema. "Hauko sawa kwa kiwiko. Hiyo naiona."

"Mkono naufanyia kazi zote, daktari," Zuhura alimwambia. "Niandikie kilichouchoma."

"Hicho sikioni, madam. Nani amewahi kukuona ukianguka?"

"Mama."

"Basi aje."

"Amefariki."

Akaomba kadi zake za zamani za kliniki. Dada, mle ndani hamna kitu. Kila ulipoulizwa mtoto ana nini, ulisema kizunguzungu. Mganga wake wa kweli alikuwa yule daktari mzee wa Ngara, rafiki yako, aliyekubali kumtibu bila kuandika; naye alikwishafunga kliniki akawafuata wanawe ng'ambo. Daktari kijana alizigeuza zile kadi, akazirudisha taratibu. Kwa jinsi ulivyofanya kazi yako vizuri, mwanao alikuwa mzima katika kila karatasi ya Jamhuri ya Kenya.

"Rudi Jumanne, nitauliza wakubwa," alisema. "Lakini mkono ni rahisi. Fikiria."

Alifikiria njia nzima. Tulipofika nyumbani, akaweka chai mezani, akaniambia, "Mjomba, nikianguka kule, usinifunike."

"Mama yako..."

"Mama alikuwa na sababu zake. Mimi nina zangu. Chukua leso zote mbili kama kawaida, ila ukunjue moja tu."

Jumanne ilitulazimu kutoka kabla ya alfajiri, maana ukichelewa namba za foleni zinakwisha. Zuhura hakulala. Nilimwambia tungoje wiki nyingine. Akaniuliza wiki hiyo nyingine namba zitagawiwa saa ngapi, nikavaa viatu.

Benchi lilikuwa limejaa. Karibu nasi alikaa mama mmoja wa Kangemi, muuza mboga ya sukuma sokoni, mguu mmoja umekatwa juu ya goti, magongo yake ameyaegemeza ukutani. Alimtazama Zuhura juu mpaka chini.

"Na wewe madam, una shida gani? Mbona uko sawa hivi?"

"Kifafa."

"Ai. Wewe ndio utasumbuka." Akaligonga paja lake. "Mimi hapa siulizwi maswali. Mguu ukikosekana, hata mlevi anajua kuhesabu."

Zuhura alicheka, na walikuwa bado wanazungumza habari za bei ya sukuma alipokata neno katikati. Unakijua kile kimya. Nilimdaka bega, hakujigonga sana. Leso ya kwanza nikaiweka chini ya kichwa, nikamlaza ubavu kama ulivyonifundisha.

"Mwekeeni kijiko mdomoni!" mtu akasema.

"Msiweke kitu," nilisema.

"Na msimguse," akasema mwanamume mmoja mwenye kofia, akiuvuta mguu wake nyuma. "Hiyo kitu inashika."

Kisha wanawake wakasimama. Hakuna aliyewaita. Mmoja alikunjua leso, mwingine shali ya mtoto, mwingine akavua sweta akalitandaza kwa mikono miwili. Wala si Waislamu, wala si watu wa pwani, wala hawakujuana. Waliufunga ule ukuta wako sawasawa, dada, kama vile kidole chako kiko hewani. Ile ya zambarau ya pili ilikuwa mkononi mwangu, imekunjwa. Nikasema nilichoagizwa.

"Mama zangu, Mungu awalipe. Naomba msogee. Mwenyewe hataki kufunikwa."

"Mzee, si wataona?"

"Ndiyo. Waone."

Wa kwanza kushusha nguo yake alikuwa yule wa Kangemi, amesimama kwa mguu mmoja, bega ukutani. "Songeni basi. Si mmesikia ni mwenyewe amesema."

Wakaona. Waliona mwili ukikakamaa, mikono ikitikisika, povu mdomoni, na doa la mkojo likienea kwenye sketi yake ya kazi. Sikuyapunguza maneno haya, maana uliyazuia miaka yote yasiandikwe, na kwa kutoandikwa yakageuka kizunguzungu. Mtoto wa mtu aliuliza jambo, mamake akamjibu polepole, "Anaumwa. Ataamka."

Daktari alipofika, Zuhura alikuwa ameamka, ameketi, anauliza leo siku gani. Mtu amempa maji akasukutua. Daktari alichuchumaa mbele yake.

"Unaendeleaje sasa?"

"Vizuri," alisema, na alionekana hivyo.

Daktari akanitazama. "Mzee, mimi sijaona," alisema, bila ubaya. Alikuwa anaeleza tatizo lake.

"Sisi tumeona," akasema mama wa Kangemi. "Andika jina langu. Hata kortini nitasema."

"Na mimi," akasema mwenye shali. Mwingine akadakia, na mwingine.

"Hata mimi," akasema mwenye kofia. "Ni mimi nimesema inashika. Lakini nimeona."

Daktari aliwaingiza kwake mmoja mmoja. Kisha akaandika kifafa mahali pa kuandika ulemavu, na mkono akauacha nje. "Nimeandika," alituambia. "Walio juu yangu wanaweza kuirudisha." Karatasi imepelekwa. Majibu bado.

Sasa nisemalo si lako peke yako, dada; ni la wale wanaotunga sheria na wale wanaoisoma wakitafuta mguu uliokatika. Mtu asilazimike kuangukia saruji mbele ya foleni ndipo aaminiwe. Wako wengi ambao siku ya kupimwa watafika wamelala vizuri, wamemeza dawa, wakasimama kwa mguu mmoja bila kuyumba, wakarudishwa nyumbani wazima. Isitoshe, zile dakika za sakafuni ni sehemu ndogo ya ulemavu wa Zuhura. Sehemu kubwa iko katika saa anazosimama. Ni jiko asiloliwasha akiwa peke yake, na posa iliyokuja ikageukia ngazini baada ya mtu kunong'ona. Ni watoto wa Kileleshwa wanaouliza mwalimu wao yuko wapi. Hayo hayana kovu ambalo daktari angelishika mkononi. Yahitaji neno lake lenyewe kwenye karatasi, na neno hilo lipo, ni la siku nyingi, kila mtu analijua.

Jana Zuhura alikwenda kumwambia mwenye shule kwamba karatasi imekwenda na majibu yanangojwa. Mwenye shule hakukubali wala hakukataa. Alisema atatazama mpaka siku ya kufungua. Asubuhi, kabla hajatoka, nilimwona anaitia leso ya kwanza mkobani, imefuliwa, imepigwa pasi. Ya pili ilikuwa juu ya kiti. Nilimuuliza kama ameisahau.

"Hapana," alisema. "Hiyo ni ya mama. Mwachie."

Nimekuachia, dada. Nimeirudisha sandukuni, nimeikunja kwa mikunjo yako, na pindo jeupe limeelekea juu ulivyozoea.

Pumzika.

Mdogo wako, uliyembeba mgongoni