Chuo chetu kimeongoza kwa akili

Shoga, usinipigie, siwezi kuongea. Nimejifungia ofisini.

Unaikumbuka ile tovuti ya michezo ya akili niliyokutumia, iliyosema chuo chetu kinaongoza vyuo vyote kwa wanafunzi wenye akili? Leo nimeionyesha ukutani mbele ya wazazi na mkuu wa chuo. Mimi, mwalimu wa takwimu! Nikajigamba weee.

Binti mmoja akanyoosha mkono, kwa adabu zake zote. "Mwalimu, waliocheza kutoka hapa ni wangapi?"

Sikuwa nimeangalia. SIKUWA NIMEANGALIA! Nikabofya palepale, ukumbi mzima unaona.

Watu wanne. Wanne, shoga!

Na mwenye alama nyingi kuliko wote ni mlinzi wetu wa getini. Anacheza kwa intaneti ya chuo, basi tovuti ikamhesabu mwanafunzi. Alikuwa amesimama pale mlangoni. Akavua kofia: "Samahani mwalimu, nilikuwa napoteza muda tu."

Wazazi walicheka hadi machozi. Mkuu hakucheka.

Lakini si hilo lililonifanya nijifungie. Yule binti, mwaka jana nilimfelisha utafiti wake. Nilimwandikia kwa wino mwekundu: "Watu kumi na wawili hawatoshi kukisemea chuo kizima."