Viti Vitano vya Meza ya Wanne

4 Juni

Mwanangu Msasa,

Salamu nyingi kutoka karakana. Kikohozi kimekuacha au bado unakilea? Mimi mzima, mgongo tu unanikumbusha umri bila kuulizwa.

Sitazunguka. Viti vyako vitano ulivyoviacha hapa vingojee ukumbi wa maonyesho vimeniaibisha. Mwalimu mkuu alikuja kukagua oda yake ya viti sitini vya shule, akajitupa kwenye kile chenye miguu mifupi nyuma. Kikambwaga chali. Akacheka akiwa bado sakafuni: "Fundi, kumbe siku hizi mtoto wa nyoka ni mjusi!" Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi niliyeanza na msumeno wa kuazima, bila mjomba wala mfadhili, nichekwe ndani ya karakana yangu?

Basi nimekusitiri. Nimevirekebisha vyote. Hicho cha kubwaga watu nimekata miguu ya mbele sentimita nne, sasa kimetulia kama maji mtungini. Ule mkono wake mmoja, uliorefuka mbele kama wa mwizi dirishani, nimeukata pia. Kile chenye ubao nusu, ambacho sijui nusu ya pili ya kalio ingekaa wapi, nimekiungia ubao. Kilichopinda bega nimekinyoosha, kirefu nimekipunguza, na cha tano nimekipiga randa kifanane na wenzake. Kimo kimoja, vanishi moja. Hiyo ndiyo seti. Ungesema mapema kuwa vipimo vinakushinda, ningekuelekeza. Kuuliza si ujinga.

Usijali kushukuru.

Baba yako

16 Juni

Baba,

Shikamoo. Kikohozi kimepona. Barua ya kwanza niliyokuandikia niliichana, hii ni ya pili.

Haikuwa seti, baba. Ulikuwa mfululizo. Nilijiwekea masharti: mti wa aina moja, hakuna msumari, na kila kiti kikae kama mtu mmoja wa nyumba yetu. Ukijifunga hivyo, mkono unafunguka. Nilianza na bibi: kiti kirefu, maana miguu yake haikugusa chini, alikuwa akiipunga kama mtoto. Nilipokimaliza kikaniuliza, na shangazi je? Shangazi aliyekusikiliza bega moja likiwa juu, kama hakuamini. Cha shangazi kikaniuliza juu yangu. Kila kiti kilimwita mwenzake, nami nikawa naamka na hamu, kama mtu mwenye wageni sebuleni.

Cha nusu ubao ni wewe. Hukuwahi kukaa ukafika nyuma. Hata wakati wa kula ulikuwa ukingoni, tayari kurudi karakana.

Na hicho ulichokata miguu na mkono ni mama.

Tafadhali usiguse kitu tena.

Mwanao

2 Julai

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Kuhusu mimi, nakula na ninalala, tuishie hapo.

Vipande nilivyokata nilivichoma nikichemshia gundi. Nimechakura majivu, mtu mzima na nywele hizi. Mama yako, Mungu amrehemu, nimemfupisha kwa msumeno niliounoa mwenyewe, kisha nikakuandikia kwa majigambo. Barua ile, kama bado unayo, ichome.

Nilisema nitamtengeneza upya kabla hujaja. Nani atanifundisha viti? Vimetoka elfu sita mikononi mwangu. Cha kwanza kikaanguka. Cha pili kikasimama, lakini kilikaa kama mtu anayesubiri kwa daktari, hakikuwa yeye. Cha tatu nikapunguza nyuma, nikaacha mgongo ulale. Nimefika cha saba, na oda ya shule imechelewa. Mimi, kuchelewa! Viti sitini vinavyofanana vinanipa usingizi, lakini hivi saba, kila nikimaliza kimoja naona kilichokosekana, na mkono unatafuta mbao wenyewe. Sasa nakuelewa, na kukuelewa kumeniongezea aibu.

Lakini bado vinaanguka. Nakuuliza nikiona haya. Nimekula naye meza moja miaka ishirini na sita. Sauti yake ninayo, kicheko ninacho. Alivyokaa sikumbuki. Ule mkono mrefu, alikuwa ameshika nini?

Niambie. Mtu mwingine nikimuuliza atajua kuwa sikuwa namtazama mke wangu.

Baba yako

9 Julai

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo.

Meza uliitengeneza ya watu wanne, nasi tulikuwa watano. Kila mwaka uliahidi kuiongeza, kila mwaka oda za watu zikatangulia. Kwa hiyo mama alikaa nyuma yako kidogo, sahani mapajani. Alipenda kuegemea kiti kiinuke miguu ya mbele, na ili asianguke alishika mgongo wa kiti chako.

Ndiyo maana hukumbuki. Ulikuwa umempa mgongo. Na ulipoinuka ghafla kurudi kazini aliyumba, akacheka, nasi tukacheka naye. Ulidhani tunacheka mambo yetu.

Sikutengeneza viti hivyo kukusuta. Nilitaka tukae pamoja tena. Ukumbi unafunguliwa mwanzo wa Agosti. Njoo.

Mwanao

20 Julai

Mwanangu,

Salamu. Mgongo leo umenihurumia.

Nimebandua ule ubao niliokiungia kiti changu. Kovu la gundi limebaki, nimeliacha. Kisha nimetengeneza cha nane, chenye mkono mrefu, nikaupachika nyuma ya changu. Kikasimama, mwanangu. Vile saba vilishindwa kwa sababu nilivitengeneza kana kwamba kila kimoja kiko peke yake duniani.

Halafu nikasukuma kiti changu nyuma, namna ninavyoinuka. Chake kikaanguka. Nikavirudisha, nikasukuma taratibu zaidi. Kikaanguka. Hakuna namna ya kuinuka pale bila kumwangusha. Nimejaribu zote.

Mwalimu mkuu alipita kufuata viti vyake, akakuta nimekaa sakafuni kati ya viti viwili, akaanza tena ya mjusi. Nilimwacha amalize kucheka.

Cha nane ni chako ukikitaka. Usipokitaka, weka kile nilichokikata, watu waone kilichotokea. Nitakuja Agosti, nitasimama karibu na mlango. Wakikuuliza mzee yule ni nani, usiseme ni fundi. Waambie ndiye aliyekuwa akiinuka bila kugeuka.

Baba yako